Miche 800, iliyobaki 395: uchambuzi wa shamba moja Seme

Shamba lenyewe ni ekari moja na nusu huko Seme, Kaunti ya Kisumu. Ni mstatili wa mita 60 kwa takriban mita 100, unaoshuka kutoka barabara ya vumbi hadi kijito. Sehemu ya juu ina udongo mwekundu wenye kokoto, na ukichimba sentimita 40 sululu inagonga murramu. Sehemu ya chini ni udongo mweusi unaotuamisha maji. Mwenye shamba ni mama anayefanya kazi mjini Kisumu, na anayelisimamia ni shemeji yake anayeishi boma la jirani. Walitaka nguzo na mbao za baadaye, kuni za nyumbani, kivuli kando ya mpaka, na avokado kidogo za kuuza.

Wakaagiza grevilea 300, mikaratusi 400, siala 80 (mti wa asili wa Nyanza) na avokado 20 za aina ya Hass. Jumla miche 800. Miche yote ilipandwa kati ya katikati ya Aprili na wiki ya tatu ya Mei. Ilipohesabiwa tarehe 2 Agosti, iliyokuwa hai ni grevilea 141, mikaratusi 172, siala 71 na avokado 11. Yaani 395. Zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda.

Nyumbani kulikuwa na maelezo mawili tayari. Shemeji alisema ni mchwa, na kweli mchwa wapo, vichuguu vinaonekana hata kutoka barabarani. Mama mwenyewe alisema mwenye kitalu alimuuzia miche mibovu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini ukifuata tarehe moja baada ya nyingine, na ukaifukua miche iliyokufa uitazame mizizi, unaona kwamba hasara kubwa ilishaingia siku agizo lilipotolewa, kabla jembe halijagusa ardhi.

Jinsi agizo lilivyotolewa

Simu ilipigwa tarehe 14 Aprili, mvua ikiwa imeshika. Mama aliuliza bei katika vitalu vitatu, akachukua kile cha bei nafuu: shilingi 10 kwa mche wa grevilea au mkaratusi, shilingi 150 kwa avokado. Akatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Hakuuliza mbegu ilipandwa lini. Hakuuliza miche ina urefu gani wala imelelewa kwenye viriba (mifuko ya plastiki ya miche) vya ukubwa gani. Swali pekee la ubora lilikuwa, "Iko tayari?" na jibu likawa, "Mama, hii imekomaa kabisa, imefika kiunoni." Jibu hilo lilimfurahisha, ilhali ndilo lililopaswa kumtia wasiwasi.

Mche wa grevilea unahitaji kama miezi minne hadi sita kitaluni tangu mbegu iote. Mkaratusi hukomaa mapema zaidi, miezi mitatu hadi minne mara nyingi inatosha. Kwa hiyo mche unaofaa kupandwa Aprili ulisiwa kati ya Oktoba na Desemba, na anayetaka mamia huweka oda wakati huo au mwezi wa kwanza. Anayepiga simu katikati ya Aprili anagawiwa kilichobaki. Kilichobaki ni cha aina mbili: miche michanga ambayo haijafikia, au mizee iliyokosa mnunuzi msimu wa mvua fupi ikaendelea kukaa kitaluni. Mama alipata mizee. Ilikuwa na urefu wa sentimita 60 hadi 80 ndani ya kiriba cha inchi 4 kwa 6.

Urefu huo ni tatizo kwa sababu ya hesabu ya maji. Majani ya mche wa sentimita 70 yanapoteza maji mengi kwa siku, na kiriba kidogo hivyo kina mizizi michache ya kuyarudisha. Mizizi ikikosa nafasi hufanya mojawapo ya mambo mawili: inajizungusha chini ya kiriba, au inatoboa na kuingia ardhini chini ya kitalu. Mwenye kitalu makini huikata mizizi ya chini kila baada ya wiki mbili hivi, kwa waya au kwa kuinua viriba. Ikiachwa miezi, mche unaanza kuishi kwa mizizi iliyo nje ya kiriba, na siku ya kupakia mizizi hiyo yote inakatwa kwa mkupuo. Mche unafika shambani ukiwa na kichwa kikubwa na miguu iliyokatwa.

Kipimo tunachokipenda kwa miti ya aina hii ni sentimita 25 hadi 40 kwenda juu, shina nene kama penseli pale linapoingia kwenye udongo, sehemu ya chini ya shina ikiwa imeanza kuwa ya mti na si ya kijani tupu. Majani yasiwe ya kijani kichanga na laini sana. Mche laini unaonyesha ulimwagiliwa na kufunikwa hadi siku ya mwisho. Kukomaza kunataka wiki tatu hadi nne za mwisho kivuli kiondolewe kidogo kidogo na maji yapunguzwe, mpaka mche unyauke kidogo mchana na kuinuka jioni.

Kilichoonekana mizizini

Miche 60 iliyokufa ilifukuliwa, 35 ya mikaratusi na 25 ya grevilea, ikachukuliwa huku na huku ili isitoke pembe moja tu ya shamba. Kila mmoja ulichimbwa kwa jembe kutoka pembeni, ukainuliwa na bonge lake la udongo, ukaoshwa kwenye karai. Kuosha ni muhimu. Ukiuvuta mche tu, mizizi midogo inabaki ardhini na huoni kitu.

Miche 22 ilikuwa na mizizi iliyojizungusha. Mzizi mkuu ulishuka hadi chini ya kiriba, ukapinda, ukazunguka mara mbili au tatu kama kamba iliyokunjwa, na haukuwa umetoka hata sentimita mbili nje ya umbo la kiriba. Miezi miwili na zaidi ardhini na mzizi bado unafuata ukuta ambao haupo tena. Mche wa namna hiyo unaishi mvua ikinyesha kila baada ya siku mbili. Juni mvua ilipopungua, udongo wa juu ulikauka na mzizi haukuwa umeshuka.

Mingine 9 ilikuwa bado na karatasi nyeusi ya kiriba. Kwenye michache kiriba kilikuwa kizima kabisa. Kwenye mingi kibarua alirarua chini tu akaacha pembeni, akidhani mizizi itatafuta njia. Hapa kosa si la kitalu hata kidogo. Vibarua walilipwa shilingi 15 kwa kila shimo lililochimbwa na kupandwa, na kukata kiriba vizuri kwa wembe kunakula muda. Ukilipa kwa idadi, utapata idadi.

Mchwa walikuwa wamekula miche 14. Shina lilikuwa limechunwa gome kuzunguka pale linapokutana na udongo, au mzizi mkuu umebaki kijiti kilichopakwa udongo wa mchwa. Lakini kati ya hiyo 14, miche 11 ilikuwa na mizizi iliyojizungusha vilevile. Mchwa wa sehemu hizi hawakatai mche wenye afya ukiwa mchanga, ila huanza na uliodhoofika kwa kiu. Ndiyo maana kumwaga dawa peke yake kusingeokoa sehemu kubwa ya miche hii. Aliyeuona mche umelala umezungukwa na mchwa aliona mwisho wa kisa, hakuona mwanzo wake.

Sita ilipandwa kwa kina kisicho sawa. Minne ilizikwa sentimita tano au zaidi juu ya pale shina lilipoanzia kitaluni, na miwili ilibaki juu, bonge la udongo likachomoza na kukauka. Tisa iliyobaki haikuonyesha kasoro ya mizizi. Mitano ilikuwa imetafunwa na mbuzi, na minne ilikauka tu kwenye sehemu yenye murramu ambako shimo halikufika sentimita 20.

Siala na grevilea 20 za jirani

Kuna bahati moja katika kisa hiki inayofanya uchambuzi uwe rahisi. Kile kitalu cha bei nafuu, ambacho kiko mbali, hakikuwa na siala. Kwa hiyo siala 80 zilinunuliwa kwa kikundi cha kina mama walio na kitalu umbali wa kama kilomita moja, kwa shilingi 15 kila mmoja, na shemeji akaongeza grevilea 20 papo hapo ili kutimiza 300. Miche hiyo 100 ilibebwa kwa wilibaro asubuhi ya tarehe 19 Aprili ikapandwa yote siku hiyo. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 30. Walioipanda ni vibarua wale wale.

Siala zilizobaki hai ni 71 kati ya 80. Mtu anaweza kusema siala ni mti wa hapa hapa, umezoea udongo wa Nyanza na mchwa wake, na hatutabishana naye. Lakini grevilea si ya hapa, asili yake ni Australia ya mashariki, na kati ya zile 20 za kina mama ziliishi 17. Kati ya 280 za mbali ziliishi 124. Shamba ni lile lile, na mchwa ni wale wale. Tofauti ni umri wa mche, safari, na wiki tatu na zaidi za mvua ambazo miche ya jirani iliwahi na ya mbali ikazikosa.

Wiki hizo zilipotea hivi. Baada ya simu ya Aprili, pikapu haikupatikana mara moja, kisha barabara ikaharibika kwa mvua. Miche 700 ya mbali ilifika Ijumaa tarehe 9 Mei. Kiriba cha inchi 4 kwa 6 chenye udongo uliolowa kina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo mzigo ulikuwa nusu tani hivi, umepangwa tabaka mbili, miche ya juu ikiwa imekalia ya chini, bila turubai. Upepo wa pikapu inayokwenda kasi hukausha majani haraka kuliko jua la mchana. Mabonge mengi yalipasuka wakati wa kushusha kwa sababu watu waliishika miche kwa shina. Mche hubebwa kwa kiriba, na ikiwezekana husafirishwa kwenye kreti za soda au za mikate, umesimama, tabaka moja tu.

Mashimo hayakuwa yamechimbwa. Lilikuwa jambo la kufanywa "miche ikifika". Kwa hiyo vibarua wanne walianza kuchimba Jumatatu tarehe 12 huku miche ikingoja uani, nusu ikiwa chini ya mwembe na nusu juani. Siku za kwanza ilimwagiliwa. Kufikia siku ya sita aliyekuwa akimwagilia alichoka. Mche wa mwisho ulipandwa tarehe 22. Kwenye mistari iliyopandwa siku tatu za mwisho, miche hai ni michache sana kuliko ya siku tatu za kwanza, na hilo linaonekana kwa macho bila kuhesabu.

Mikaratusi kando ya kijito

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu kosa hili haliui mche. Linaua kitu kingine. Mikaratusi 400 ilipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, kuanzia ukingo wa kijito kwenda juu. Kwa nafasi hiyo kila mti unachukua mita mraba 6.25, kwa hiyo 400 inakula mita mraba 2,500, yaani ukanda wa mita 42 kwa upana wote wa shamba. Waliyachagua maeneo hayo kwa sababu yana unyevu na mahindi hayapendi maji yaliyotuama. Mkaratusi unapenda, ndiyo. Ndiyo sababu Shirika la Misitu la Kenya, KFS, limeonya wakulima wasiupande kwenye chemchemi, mabwawa na kingo za mito. Sheria nayo hutenga ukanda wa ukingo wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale maji yanapofika yakijaa, kutegemea ukubwa wa mto.

Kijito hiki kinanywesha ng'ombe wa maboma kadhaa ya chini. Mikaratusi 118 kati ya 172 iliyo hai iko ndani ya mita 30 za kwanza. Maoni yetu ni kwamba ing'olewe sasa ikiwa bado midogo, ingawa inauma kung'oa kilichosalimika kwenye msimu mbaya. Baada ya miaka mitatu itakuwa nguzo, na hakuna mtu atakayekubali kuikata. Na hata ikikatwa, kisiki cha mkaratusi huchipua tena.

Baadhi ya miche ya mikaratusi ilikuwa na vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye vikonyo. Hiyo ni kazi ya nyigu mdogo aitwaye Leptocybe invasa, aliyegunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 2002. Hutaga mayai kwenye majani machanga, nayo yanavimba na kujikunja, na mche unadumaa. Anayepokea mikaratusi ageuze majani ya juu ayatazame kabla ya kulipa salio. Mche wenye vinundu urudi kwenye pikapu.

Avokado

Kati ya avokado 20, tisa zimekufa, na sita kati ya hizo zilikuwa kwenye udongo mweusi wa chini. Mizizi ya avokado huoza ikisimama ndani ya maji. Kimelea kiitwacho Phytophthora, kinachofanana na ukungu, huiharakisha kazi hiyo. Avokado ni mti wa sehemu ya juu, penye maji yanayopita. Kwa udongo wa shamba hili shimo liwe sentimita 60 kila upande, murramu ivunjwe kwa sululu, na udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri kabla ya kurudishwa.

Kati ya 11 zinazohesabiwa kuwa hai, mbili si Hass tena. Avokado ya kuunganishwa ni kikonyo, yaani kijitawi, cha Hass juu ya shina la kienyeji, na mahali vilipounganishwa panaonekana kama kovu. Kwenye miche hiyo miwili kikonyo cha juu kilikauka, na machipukizi yenye majani mapana yakatoka chini ya kovu. Shemeji alifurahi kuona limechipua. Machipukizi ya chini ya kovu hukatwa kila yanapotoka. Na kikonyo kikifa, mche umekwisha, hata kama una majani. Kovu lenyewe likae juu ya udongo, kamwe lisifukiwe. Kwa miche ya matunda, nunua kwenye kitalu kilichosajiliwa na kinachokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, uombe kuona karatasi.

Gharama ya mti ulio hai

Miche yote iligharimu shilingi 11,300. Pikapu shilingi 5,000. Vibarua 800 mara 15, shilingi 12,000. Jumla 28,300. Ukigawa kwa miti 395 iliyo hai, kila mmoja umegharimu karibu shilingi 72, na hapo hujahesabu mwaka unaopotea.

Sasa tuseme mama angelipa maradufu, shilingi 20, kwa ile grevilea 280 na mikaratusi 400, na kila kitu kingine kibaki vilevile. Jumla ingefika 35,100. Kama ingeishi asilimia 85, kama zilivyoishi zile grevilea za kina mama, angekuwa na miti 680 kwa chini ya shilingi 52 kila mmoja. Mche wa bei ya chini uliibuka ghali kwa sababu gari na kibarua hulipwa sawa, mche uishi au ufe.

Halafu kuna miche ambayo haikuhitajika. Grevilea 300 iliagizwa "ya mpaka". Mpaka wa shamba hili ukiondoa upande wa kijito ni mita 262, na kwa nafasi ya mita tatu unameza miche 87. Iliyozidi ilisukumwa ndani ya mahindi kwa mistari miwili iliyobanana. Kabla ya kuuliza bei ya chochote, pima kwa kamba, ugawe kwa nafasi, uongeze asilimia kumi ya kujazia. Kanuni za misitu ya mashambani za mwaka 2009 zilimtaka mwenye shamba awe na miti kwenye asilimia kumi ya ardhi yake. Kwa ekari moja na nusu hiyo ni kama mita mraba 600. Hakuna aliyemlazimisha mtu kufika 800 kwa msimu mmoja.

Kurudia kwa mvua fupi

Pengo la Julai halijazwi Agosti. Kujazia hufanywa ndani ya mwezi wa kwanza wakati mvua bado ipo, na hiyo ikipita unangoja msimu unaofuata. Hesabu mpya ya shamba hili ni ndogo. Mpakani kuna nafasi 52 zenye grevilea hai mahali pake, kwa hiyo mapengo ni 35, agiza 40. Mikaratusi ibaki kwenye ukanda wa mita 12 ulio juu ya zile mita 30 za kijito, ambao unachukua miti 115. Iliyopo ni 54, agiza 70. Ukanda wa kijito upandwe siala kwa nafasi ya mita tano, 65 hivi, na mianzi 12 kwenye ukingo wenyewe. Avokado 11, zote sehemu ya juu. Jumla haifiki 200, na mtu wa nyumbani na kibarua mmoja wanaimudu.

Agizo liandikwe, hata kama ni ujumbe wa simu, kwa maneno kama haya: "Habari, naomba grevilea 40, sentimita 25 hadi 40, mbegu iliyosiwa mwaka huu, imekomazwa juani wiki tatu, mizizi imekatwa. Nitakuja kuangalia tarehe 20 Septemba. Nachukua mvua ikishika Oktoba. Natuma theluthi sasa, salio nikipokea. Mche uliovunjika au wenye vinundu utabadilishwa." Mwenye kitalu anayejua kazi hatachukizwa. Siku ya kuangalia, chomoa miche mitano kutoka katikati ya safu, si ile ya pembeni aliyokuchagulia, uinue uone kama mizizi imeshika ardhi. Nunua mmoja, upasue kiriba hapo hapo, uoshe mizizi. Mzizi mkuu ukiwa umepinda kona au umezunguka, tafuta kitalu kingine.

Mashimo yachimbwe Septemba, kabla miche haijaja. Kwa miti ya msitu sentimita 30 kila upande zinatosha kwenye udongo mweusi. Kwenye murramu nenda 45. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, ili wa juu ndio urudi mizizini. Nusu gorogoro (kopo la kupimia nafaka) ya samadi kwa shimo, iliyooza hadi haina harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa.

Usipande mvua ya kwanza. Subiri udongo ulowe hadi sentimita 30. Chimba kwa panga uone, usitegemee macho. Mwagilia viriba jioni ya kuamkia siku ya kupanda, ili bonge lishikane. Kata kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, kitoe chote, ukate na kipande chembamba cha chini cha bonge, kama sentimita moja, kuondoa mizizi inayoanza kupinda. Weka mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni. Jaza, shindilia kwa mikono na kisha kwa kisigino pembeni, usiache hewa chini. Jaribio la mwisho ni hili: shika jani moja la juu kwa vidole viwili uvute taratibu. Jani likikatika, mche umeshikwa vizuri. Mche ukiinuka, rudia. Kila kibarua atie karatasi za viriba vyake kwenye gunia na zihesabiwe jioni kabla ya malipo, zilingane na miche aliyopanda. Na alipwe kwa siku.

Matandazo yawe ya majani mabichi. Tithonia, yale maua ya manjano ya kando ya barabara, inafaa na haina gharama. Yakae umbali wa kiganja kutoka shinani. Mabua makavu ya mahindi ni karamu ya mchwa kwenye shamba hili, yasitumike. Jivu kuzunguka shina husaidia mpaka mvua ilisombe, halafu urudie. Anayetaka dawa achague iliyosajiliwa kwa mchwa na PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu, aimwage pale kibandiko kinaposema. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, kwa mkono karibu na shina, kwa sababu jembe limeua miche mingi kuliko tunavyokiri.

Mbuzi huachiliwa mahindi yakishavunwa, na miche mitano iliyotafunwa ilitafunwa baada ya mavuno. Avokado zizungushiwe matawi ya miiba siku ya kupandwa. Upande wa jirani, uzio wa ojuok (mnyaa) uliopo una mapengo manne ya upana wa mtu. Vipandikizi vyake hukatwa mwezi huo huo wa Septemba na kuchomekwa. Hesabu ya kwanza ya miche ifanywe wiki tatu baada ya kupanda, mvua ikiwa bado ipo, na miche ile ya akiba ikiwa bado iko kivulini uani.